Mzigo wa Marikiti Siku Hizi Hujileta

Duka letu la Njiru lilijazwa kwa mgongo wa mama. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshajifunga leso mbili, noti zimefundikwa kwenye pindo la ile ya ndani, amesimama kando ya Kangundo Road akingoja matatu ya kwanza. Marikiti, lile soko la jumla, ilimpokea kwa harufu ya kabichi zilizooza, vitunguu vibichi na moshi wa vibanda vya chai, huku mahamali wakisukuma mikokoteni na kukemea, "Kando! Kando!", bila kujali umri wa mtu. Mama alitomasa nyanya, akakagua shingo za ndizi, kisha akawinda gunia la lumbesa, lile la viazi lililovimba kichwa likafungwa kwa wavu. Lumbesa ilikuwa hasara ya mkulima na faida yetu, na sikumbuki mtu yeyote nyumbani akimwonea mkulima huruma.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Makanga alidai gunia lilipiwe nauli kama abiria, wakavutana hadi likapandishwa kwenye keria, na mvua ikinyesha, kutoka stegi hadi dukani ule udongo mweusi wa Njiru uling'ang'ania gambuti mpaka mguu ukachomoka peke yake.

Leo duka analo dada yangu. Jioni anaagiza kwa simu, asubuhi gari liko mlangoni. Analipa kwa M-Pesa. Analala hadi kuche.

Kampuni ya Twiga Foods ilianza hivyo mwaka 2014, kwa ndizi tu, ikizitoa kwa wakulima na kuwafikishia wachuuzi. Sokowatch, ambayo baadaye ilijiita Wasoko, ikaleta unga, sukari na sabuni madukani. Usafiri, ghala na kuhesabu mzigo vikawa kazi ya watu wengine. Sitaki mtu aniambie kwamba zamani kulikuwa bora. Wanaosema hivyo hawakubeba gunia.

Lakini nyanya siku hizi zimechaguliwa na mkono usioujua. Zikija zimepondeka, unabishana na dereva asiye na mamlaka ya kubadilisha hata moja. Na mkopo? Mwenye vitunguu kule Marikiti alimtazama mama usoni: "Mama Njiru, chukua, utaleta Jumamosi." Programu ya simu haimtazami mtu. Inapiga hesabu, inakupa au inakunyima.

Hayo makampuni nayo hayakujengwa kwa mawe ya Njiru. Copia, iliyowatumia wenye maduka kama mawakala, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Mwaka huohuo Wasoko iliungana na MaxAB ya Misri. Twiga ilikuwa imeshapunguza wafanyakazi mwaka 2023.

Kuna wiki gari tulilozoea halikuonekana. Rafu zilipoanza kuonyesha mbao, dada alinipigia simu kuuliza vitunguu vya jumla vinauzwa upande gani wa soko. Mama angefika hapo amefumba macho, na bei ya jana angeijua.

Kwa hiyo wewe mwenye duka, agiza kwa simu, wala usione haya. Mgongo ni wako. Ila walau mara moja kwa mwezi panda matatu mwenyewe uende Marikiti, uulize bei, na uache jina lako kwa muuzaji mmoja wa vitunguu.