Enzi za Habu na Waya wa Bluu

Kabla ya Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipozinduliwa Dar es Salaam na Mombasa, intaneti ya mtaani kwetu ilitoka mbinguni, bila utani. Dishi la juu ya paa la kafe ya intaneti lilitazama setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ukibofya, ombi lako linapanda huko, linashuka Ulaya, kisha jibu linarudi njia ileile. Nusu sekunde imekwisha na ukurasa haujaanza kufunguka. Mteja analipa kwa dakika.

Vijana wa kafe tulijua kila kifaa kinafanya nini, maana kila kimoja kilitutesa kivyake. Habu ndiyo iliyokuwa na akili ndogo kuliko vyote: ikipokea ujumbe kwenye tundu moja, inaurusha kwenye matundu mengine yote, kila kompyuta ijitazamie kama ni wake. Mmoja akishusha wimbo, chumba kizima kinasuasua. Swichi zilipopungua bei tulishangilia. Swichi hukariri anwani ya MAC, namba ambayo kila kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani, na kumpelekea mhusika peke yake. Ruta yenyewe hukaa mpakani, kati ya mtandao wa ndani na dunia ya nje.

Anwani za IP, namba za kuitambulisha kila kompyuta mtandaoni, tulizipanga kwa mkono na kuzibandika kwenye skrini: 192.168.0.11, 192.168.0.12. Mbili zikigongana, ugomvi. DHCP, utaratibu wa ruta kugawa namba yenyewe, ulikuwepo tangu 1993, ila tajiri wetu hakuuamini. Namba hizo za 192.168 ni za ndani tu. Maelfu ya nyumba duniani zinazo zilezile. NAT ndiyo inayoziwezesha zote kutoka nje kwa namba moja ya hadharani. Bila ujanja huo, anwani bilioni 4.3 za IPv4, mfumo wa namba hizi, zingekwisha mapema zaidi. Mafungu ya mwisho ya hazina kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011.

Leo ruta, swichi na antena ya Wi-Fi vimo ndani ya kisanduku kimoja cheupe sebuleni. Kasi ya zamani siililii. Kinachoniuma ni ule ujuzi uliokwenda na kafe. Kijana anayekuja kufunga faiba anachomeka, taa zinawaka, anaaga. Mtandao ukigoma, dawa ni moja: zima, washa. Na kwa kuwa mara nyingi unapona, hakuna anayeuliza ulikuwa unaumwa nini. Pengine ilikuwa DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Zamani tulipiga ping, yaani tulituma ujumbe mfupi wa majaribio, kwenda kwenye namba. Ikijibu na majina hayafunguki, mkosaji tumeshampata, wala hatukugusa swichi ya umeme.

Basi, ndugu msomaji, leo kigeuze hicho kisanduku chako. Chini yake kuna kibandiko chenye anwani ya ruta na nywila ya kiwandani, ambayo kwenye baadhi ya ruta ni admin tu. Ingia uibadilishe. Kwenye usalama wa Wi-Fi chagua WPA2 au WPA3. WEP iache, udhaifu wake ulianikwa tangu 2001.