Uvimbe Chini ya Ushungi

Wengi mnanijua kwa magauni ya harusi, lakini leo si habari ya kitambaa. Ni habari ya figo, na namna maradhi yake yanavyoweza kuzuka pahala usipopafikiria kabisa: mbele ya sikio.

Mavyaa wangu tunaishi naye hapa Tunduma. Miaka 9 nyuma alitolewa figo moja kwa saratani, akapona, nyumbani tukaacha hata kulitaja. Mwaka jana tukiwa kwenye maandalizi ya harusi ya wifi yangu, nilikuwa namjaribishia ushungi nikagusa kitu kigumu karibu na sikio la kushoto, kama kokwa ya tende. Hakimuumi. Jirani akasema matubwitubwi. Zahanati moja ikampa vidonge, akavimaliza, uvimbe uko palepale.

"Mwanangu, niacheni kwanza nimuoze binti yangu," akasema. "Maneno ya hospitali yataharibu shughuli."

Mkaza mwana kumbishia mavyaa, nyinyi wenyewe mnajua. Nikamwambia mume wangu, naye akamkumbusha mama yake kwa adabu kuwa kujitibu tumeamrishwa. Tukapanda gari ya alfajiri, Vwawa, Mlowo, mpaka Mbeya.

Daktari akachukua chembe za uvimbe kwa sindano, kisha akauliza: amewahi kupasuliwa? Mavyaa kimya, ananitazama mimi. Nikalitaja la figo.

Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani ileile ya figo. Si ugonjwa mpya wa mate, ingawa umekaa kwenye tezi ya mate, na hutibiwa kama saratani ya figo. Chembe zake husafiri kwa damu. Mara nyingi huenda kwenye mapafu na mifupa. Kwenye tezi za mate ni nadra sana. Zinaweza kujificha miaka 10 na zaidi. Na wapo ambao uvimbe huo ndio dalili yao ya kwanza, hawajui hata kama figo ina tatizo. Kwa hiyo mama, shangazi, yeyote aliyewahi kutolewa figo kwa saratani, akiota uvimbe amwambie daktari historia yake yote, hata asipoulizwa.

Dar es Salaam wakampiga picha za kifua, tumbo na mifupa. Alhamdulillah, ilikuwa pale tu, wakakubali kumpasua. Walituonya mapema: mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita katikati ya tezi ile.

Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeamua. Nikahi ikasomwa wiki mbili kabla ya operesheni, sebuleni, baada ya Alasiri. Ukumbi tukaufuta, na sehemu ya malipo tuliyotanguliza haikurudi. Gauni nilikuwa sijamaliza hata mikono. Wifi akavaa baibui jipya, na wallahi alipendeza.

Jicho la kushoto la mavyaa bado halifumbi sawasawa, analala kwa dawa ya matone. Kliniki anarudi mwezi ujao.