Msaada Ulitoka Mtaani

Mimi ni mama mboga wa Dagoretti, Nairobi. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mwanamke anayekwenda sokoni alfajiri bila kupata hata lepe la usingizi, kisha akinyamaza anaambiwa ana kiburi.

Mume wangu alikuwa akinipiga. Nilipoondoka na watoto nilidhani yamekwisha, lakini jirani akigongewa mlango tu, moyo ulinienda mbio. Chakula hakikushuka. Sukuma wiki ilininyaukia kibandani, nikikosa hata nguvu ya kuinyunyizia maji. Nilimeza dawa za vidonda vya tumbo, nikaombewa. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, sikuthubutu kuitaja. Kwetu ukionekana huko umeshaitwa chizi.

Mwaka 2015 mtaani kwetu ulianza utafiti wa mpango wa kupunguza dhiki ya mawazo, uliobuniwa na Shirika la Afya Duniani. Tuliandikishwa wanawake 518, wengi wetu tukiwa tumepitia ukatili. Tuliulizwa maswali mepesi: unalala? Unaona una faida kwa mtu? Kisha tukagawanywa kwa bahati nasibu. Jirani yangu alielekezwa kwa wauguzi wa kliniki, mimi nikapangiwa mhudumu wa afya ya jamii. Tulinung'unika, hadi tulipoelezwa kwamba bila kulinganisha makundi mawili, hakuna atakayejua kilichosaidia ni mpango au ni muda.

Mhudumu wangu alikuwa mama wa mtaani, hana shahada ya saikolojia, ila alipewa mafunzo, na alikuwa na msimamizi. Vikao vilikuwa vitano, kimoja kwa wiki, dakika 90. Kwanza alinifundisha kupumua polepole, tumbo lijae kama puto. Kisha tukayapanga matatizo yangu: yanayotatulika, yasiyotatulika, na yasiyostahili kunikosesha usingizi.

"Hili la kodi, mama, liko wapi?" akauliza.

Nililiweka kwenye yasiyotatulika. Akaniomba nitaje hatua moja tu ndogo. Jioni hiyo nilimwendea mwenye nyumba, tukakubaliana nilipe kidogo kidogo kila wiki. Deni halikufutika, ila niliacha kumkimbia. Baadaye nikarudi kwenye chama cha akiba nilichokuwa nimekihepa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: miezi mitatu baada ya vikao, dhiki ilikuwa imepungua zaidi katika kundi letu kuliko lile lingine. Mimi sijapona kila kitu. Ziko siku ninazoamka mzito, lakini sasa najua pa kuanzia.

Tangu mwaka 2023 wahudumu kama wangu, ambao sasa wanaitwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wamepewa nchini Kenya mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Ninaomba serikali za kaunti ziwafundishe wote kuuliza pia habari za usingizi na mawazo, ziwape wasimamizi, na ziwalipe kwa wakati. Nawe dada usiyelala, mhamasishaji akibisha hodi usimwambie uko sawa. Mwambie ukweli.