Chupa Tatu za Asali

Mjomba alinikabidhi chupa ameifunga kwa kipande cha kanga, mafundo mawili. Ndani, asali ilikuwa imeganda kuanzia chini hadi katikati, nyeupe yenye umanjano kama samli. Wiki mbili kabla, mnunuzi aliyekuja na gari kutoka mjini alichovya kijiko, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, hii umetia sukari." Madumu manne yakarudishwa stoo. Mjomba ametundika mizinga ya magome kwenye miombo ya Sikonge tangu ujana wake, lakini siku ile hakubishana na mtu. Aliniambia tu, "Nenda nayo huko kwa wenye vipimo. Wakisema ina sukari, nami nitanyamaza."

Ndivyo nilivyosafiri kwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Mpaka siku hiyo sikuwahi kuvuka Manyoni.

Nilipanda treni ya Reli ya Kati pale Tabora nikiwa na chupa tatu. Ya pili niliinunua stendi kwa kijana anayepanga chupa zake juu ya meza. Ilikuwa angavu, jua linapita ndani yake kama kwenye chai ya rangi. Ya tatu niliitengeneza mwenyewe ili iwe mtego: nusu asali ya mjomba, nusu sukari ya dukani niliyoichemsha kwa maji na limau, kama shira ya kaimati. Nilijiambia, kipimo kisipoinasa hii, hakuna kipimo.

Mkabala nami alikaa bibi mmoja aliyekuwa akienda Morogoro kwa binti yake. Alipojua nimebeba nini, akanipa elimu yote ya asali tunayoijua sote: asali halisi sisimizi hawaigusi, ukiidondosha mchangani haisambai, ukichovya njiti ya kiberiti bado inawaka. Saranda, abiria waliposhuka kugombea kuku, tulijaribu hilo la kiberiti kando ya behewa. Ya mjomba iliwaka. Ya stendi iliwaka. Hata ile ya mtego iliwaka. Bibi akaziinua kwenye mwanga, akachagua ya stendi. "Hii ndiyo asali, mjukuu wangu. Hiyo ya kuganda umeibebea nini?" Nilifika Dar nimeanza kumtilia shaka mjomba.

Maabara ilikuwa ya chuo kimoja, na mwenyeji wangu alikuwa fundi sanifu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta asali ya kula au ya kupima?"

"Ya kupima."

"Basi humu ndani hailambwi hata tone."

Nilitegemea kukuta mashine kubwa yenye taa. Akanionyesha bamba la aluminiamu, pana kama kiganja, lililopakwa unga mweupe wa silika, tabaka lake chini ya nusu milimita. Hiyo ndiyo kromatografia ya tabaka nyembamba. Unadondosha matone madogo karibu na ukingo wa chini, unasimamisha bamba ndani ya chombo cha kioo chenye kiyeyushi kidogo, unafunika, unasubiri. Kiyeyushi kinapanda chenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, kikibeba sukari. Kila sukari inapanda kwa kasi yake.

Aliniachia bamba la kwanza nilifanye kwa mikono yangu, na nikaliharibu mara mbili. Aliniambia nichore mstari wa kuanzia kwa penseli, sentimita moja na nusu kutoka chini. Penseli sikuiona, nikachukua kalamu ya wino. Kisha nikadondosha asali jinsi ilivyo, nzito, bila kuizimua. Baada ya saa mbili na zaidi tulifungua chombo. Mstari wangu ulikuwa umepanda bamba zima na kugawanyika: buluu huku, zambarau kule. Bamba lilipopulizwa dawa na kupashwa moto, asali nayo ikaonekana imeburuta mikia mirefu mpaka huwezi kusema doa moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi.

Hakunigombeza. "Umeona wino wako? Ulidhani ni rangi moja." Akaniambia mbinu hii ilianza hasa kwa rangi. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, mwanzoni mwa karne ya 20, alipitisha utomvu wa majani katika bomba lililojaa unga wa chaki, rangi zikajitenga kwa matabaka. Neno kromatografia lenyewe, kwa Kigiriki, ni kuandika kwa rangi. Hii ya mabamba ilipewa utaratibu wake na Mjerumani Egon Stahl katika miaka ya 1950. Shida ya sukari ni kwamba haina rangi, hivyo lazima ilazimishwe kujitokeza.

Kesho yake tulianza upya. Gramu moja ya asali kwa mililita 100 za alkoholi na maji. Mstari wa penseli. Bamba alikuwa amelilowesha mapema katika maji ya fosfati na kulikausha, kwa sababu glukosi na fruktosi zina fomula ileile, C6H12O6, na kwenye silika tupu hutembea karibu karibu mno. Tukadondosha kwa mrija mwembamba kama sindano: glukosi safi, fruktosi safi, sukrosi safi, kisha chupa zangu tatu. Kiyeyushi kilikuwa sehemu nne za butanoli, moja ya asidi asetiki, moja ya maji. Chumba kizima kilinuka siki.

Butanoli ni nzito, haina haraka, na saa za kusubiri ndizo zilizokuwa darasa langu. Sukari, alisema, ina vikundi vya oksijeni na haidrojeni ambavyo ni kama mikono, nayo silika hupenda kushikwa. Glukosi ina mikono mitano. Sukrosi, yaani sukari ya chai, ina minane, kwa hiyo hung'ang'ania chini zaidi. Kiyeyushi kikipanda sentimita 8 na doa likapanda 2, unagawanya, unapata 0.25. Lakini namba hiyo hubadilika joto likibadilika au kiyeyushi kikichakaa, ndiyo maana sukari safi hupandishwa kwenye bamba lilelile, ubavuni mwa unachokipima.

Bamba lilipokauka alilipulizia mchanganyiko wa anilini, difenilamini na asidi fosforiki ndani ya kabati la kufyonza mvuke, akaliingiza kwenye oveni ya nyuzi 110. Baada ya dakika chache rangi zilianza kujitokeza: fruktosi kahawia, glukosi kijivu chenye ubuluu.

Njia ya mjomba ilikuwa na madoa mawili makubwa, fruktosi na glukosi. Mahali pa sukrosi palikuwa na kivuli hafifu tu. "Hicho si kosa," akasema. Nyuki huvunja sukrosi ya nekta kwa kimeng'enya chake, lakini hamalizi yote. Viwango vya kimataifa vya Codex huruhusu hadi gramu 5 katika gramu 100 kwa asali nyingi. Njia ya stendi, ile angavu aliyoisifu bibi, ilikuwa na doa la sukrosi zito kuliko yote. Kiberiti kilikuwa kimepima maji, hakikupima sukari.

Chupa yangu ya mtego ndiyo iliyoninyamazisha. Nilitarajia doa jeusi. Lilikuwepo, lakini jepesi kuliko la stendi. Fundi akaniuliza niliipikaje, akacheka. Asidi ya limau pamoja na moto huvunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, kazi ileile anayoifanya nyuki. Ningechemsha zaidi, bamba lingenipitisha. Shira za mahindi mara nyingi hujisaliti kwa minyororo mirefu ya sukari inayobaki karibu na mstari wa kuanzia. Sukari ya miwa na ya mahindi pia hunaswa kwa kupima aina za kaboni, lakini hapo ndipo inapohitajika ile mashine kubwa niliyoitarajia. Bamba hukuambia kilichomo. Kilikotoka halikujui.

Kwa hiyo sikurudi Tabora na hati ya kumsafisha mjomba. Nilirudi na picha ya bamba na maneno machache: sukari ya dukani haikuonekana, na kuganda si ushahidi. Mjomba aliitazama picha muda mrefu, akauliza doa lipi ndilo la nyuki. Nikamwambia, yote mawili.

Nawe msomaji, asali yako ikiganda usiitupe wala usimwite mfugaji mwizi. Ni glukosi imejitenga na kuwa fuwele. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, si motoni, itarudi kuwa kama ilivyokuwa.