Usingizi wa Mwanachuo

Mtu ye yote apitaye usiku wa manane chini ya mabweni ya chuo kikuu, Mlimani Dar es Salaam au penginepo, huona katika madirisha mengi nuru ndogo isiyo ya taa. Zamani dirisha lenye nuru saa nane ya usiku lilikuwa ushahidi wa bidii. Siku hizi ushahidi huo una mashaka, maana simu ya kisasa ni maktaba, ni benki, ni barua, ni ngoma, na ni baraza la umbeya, vyote katika kiganja kimoja. Aishikaye mwenyewe aghalabu hajui alivyotoka katika kimoja akaingia katika kingine.

Madhara madogo ya mwili yamekwisha tajwa mara nyingi. Jicho likazalo kioo hupunguza kupepesa, likakauka na kuwasha. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kadiri kiinamavyo ndivyo shingo ielemewavyo. Kidole gumba nacho huuma. Maumivu haya yana wema mmoja: humwarifu mwenyewe kuwa yapo. Hasara ya usingizi haisemi. Aliyepatwa nayo hudhani kuwa ni mvivu, au kwamba somo ni gumu, au kwamba akili yake imepungua.

Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wataalamu Jenkins na Dallenbach waliwajaribu wanafunzi wawili. Waliwakaririsha orodha za silabi kumi zisizo na maana, mara nyingine kabla ya kulala, mara nyingine kabla ya shughuli za mchana. Baada ya saa nane za usingizi, walikumbuka kiasi cha nusu. Baada ya saa nane za kuwa macho, kiasi cha moja katika kumi. Uchunguzi mwingi wa baadaye umeonyesha vile vile kuwa usingizi una sehemu yake katika kuhifadhi yaliyosomwa. Basi akeshaye kila siku ili asome huteka maji kwa pakacha.

Nuru ya kioo ina hila yake. Mwaka 2002 ilielezwa kuwa zimo ndani ya jicho chembe ambazo huujulisha ubongo kama ni mchana au ni usiku, nazo huchangamshwa zaidi na nuru ya buluu. Nuru hiyo imo katika vioo vya simu, na huchelewesha melatonini, homoni iuambiayo mwili kuwa usiku umeingia. Lakini lawama yote isitupiwe nuru. Riwaya nene kuliko zote ina ukurasa wa mwisho, simu haina.

Liko jambo ambalo wahubiri wa kiasi hulipita kimya. Kampuni za simu zimekuwa zikiuza intaneti ya usiku kwa bei nafuu kuliko ya mchana, katika vifurushi vianzavyo saa sita ya usiku na kukoma alfajiri. Mwanafunzi ambaye fedha za mkopo zimemwishia katikati ya muhula hupakua makala zake saa ambayo mwenziwe mwenye nafasi amekwisha lala. Kumwita huyu mtumwa wa simu ni kumdhulumu. Amepiga hesabu, na kwa upande wa fedha hesabu yake ni sahihi. Usingizi haukuingia katika hesabu kwa kuwa hapana dukani bei yake. Tena makala hupakuliwa kwa dakika kumi, kifurushi kikabaki, na mtu maskini haoni vema kuacha alichokilipia kiharibike. Picha za kuchekesha humalizia usiku. Saa moja ya asubuhi mhadhara huanza.

Chuo chenye intaneti ya kutosha mchana, maktabani na mabwenini, kingewarudishia wanafunzi hawa usingizi mwingi kuliko mawaidha mia.

Wengine husema kuwa simu haiwezi kuondoka mtoni, kwa kuwa ndiyo iwaamshayo. Udhuru huu ni wa kweli, na ni mwepesi kuliko wote kutibika: saa ya mezani yenye kengele yapatikana sokoni Kariakoo, na bei yake ni ndogo kuliko ya kubadili kioo cha simu kilichopasuka kwa kuanguka kutoka mkononi mwa mtu aliyesinzia.