Dawa ni Bure, Nauli Elfu na Mia Mbili

Jumatatu, 8 Januari 2024

Nyumba ya soba niliyoipigia simu leo wanataka laki tatu kwa mwezi, na ya mwezi wa kwanza itangulie kabla mgonjwa hajafika. "Chakula na malazi humohumo, dada," kaniambia yule bwana, kwa sauti ya dalali wa vyumba. Nikamuuliza kama kuna daktari. Akajibu kuna maombi na mazoezi ya asubuhi. Laki tatu! Cherehani yangu haijawahi kuzizalisha zikatimia baada ya kodi na kula.

Mama anataka tumpeleke kwa mganga aliyemtibu mtoto wa jirani. Baba mdogo yeye ni hospitali ya akili ya Mirembe tu. Kwake ugonjwa wowote wa kichwani lazima uishie Dodoma. Mwenye shida mwenyewe, mdogo wangu, kalala kibarazani, anapiga miayo, pua inamtiririka, vinyweleo vimemsimama na jua hili la Januari linapasua mabati. Arosto, mwili unadai unga. Majirani wanapita wanasema teja kazidiwa. Mimi naona mgonjwa mwenye homa na kuhara na magoti yasiyonyooka.

Alhamisi, 11 Januari

Nimepiga 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Haikati salio. Nilikuwa na hofu kwamba wataniuliza tunakaa wapi, kisha difenda ya polisi ije usiku. Wameuliza anatumia nini, anavuta au anajidunga, na tangu lini. Nikajibu: unga, yaani heroini, anavuta kokteli, tangu alipoachishwa kazi bandarini. Nimeelekezwa kliniki ya methadoni ya Temeke. Matibabu hayalipiwi.

Baba mdogo haamini. "Serikali gani impe mtu dawa za kulevya bure?"

Jumamosi, 20 Januari

Amekuja mwelimishaji rika wa asasi moja inayopita vijiweni. Naye alikula unga miaka mingi, na hafichi. Nimependa alivyomkalisha Mama chini akamweleza taratibu: methadoni haimpi mtu stimu, inamtoa arosto. Inakaa mwilini zaidi ya saa ishirini na nne, ndiyo maana mtu anakunywa mara moja kwa siku na hana haja ya kuamka alfajiri kutafuta kete, wala kuiba masufuria. (Hapo Mama alinitazama.) Kasema Muhimbili ndio walioanza, Februari 2011, na yeye anakunywa hadi leo, ana mke na bodaboda.

Mama kamuuliza swali ambalo sisi wote tulikuwa nalo: sasa ataacha lini hiyo methadoni? Kajibu, "Mama, wewe dawa yako ya presha utaacha lini?" Sijamwona Mama akikosa la kusema namna ile.

Masharti: apimwe mkojo, damu na kifua, ahudhurie vikao vya ushauri, na ndugu aende naye mwanzoni. Huyo ndugu ni mimi, nani mwingine.

Jumanne, 30 Januari

Leo nimekasirika. Mdogo wangu ana shida nyingine, tuliyodhani ni unga tu: usiku anasikia watu wakimsema ukutani, na asubuhi hataki kula. Katika kituo kimoja nilikompeleka, si Temeke, dada wa mapokezi alitaka nilipie kadi, vipimo na dawa, akatusemesha kwa sauti foleni nzima isikie. "Huyo teja ni wako?" Muuguzi mtu mzima aliyekuwa akipita ndiye aliyenivuta pembeni: nenda ustawi wa jamii, chumba cha mwisho kule, waambie ni mgonjwa wa akili na familia haina uwezo. Upo msamaha wa matibabu.

Nilikuwa na barua ya serikali ya mtaa mkobani. Afisa ustawi aliisoma, akauliza anayelisha nyumba ni nani, akagonga muhuri. Hakuna aliyekuwa ametuambia, na hakuna kilichoandikwa ukutani. Pale mapokezi kuna bango kubwa la bei za vipimo, limewekewa na fremu.

Jumapili, 11 Februari

Kliniki ya Temeke haipumziki hata Jumapili. Foleni ilikuwa ndefu. Wengi vijana, wanawake wachache mno. Naambiwa wanawake wapo wengi vijiweni ila wanaogopa kuonekana hapa, na mwenye mtoto amwachie nani kila asubuhi?

Nimesimama karibu na dirisha. Mfamasia anasoma namba, anapima, anasukuma kikombe kidogo cha plastiki. Mdogo wangu anakunywa mbele yake, anashushia maji, kisha lazima aseme neno, ajulikane kweli amemeza. Leo kasema, "Shikamoo dokta." Mfamasia kacheka. "Marahaba. Kesho usichelewe."

Ijumaa, 1 Machi

Kifua kimeonyesha TB. Dawa zake nazo ni bure, alhamdulillahi, ila alipozianza arosto ikarudi. Miayo, jasho, miguu haitulii kitandani. Baba mdogo akatangaza nyumba nzima kwamba kijana karudi kijiweni. Mkojo ulikuwa safi. Daktari katueleza kuwa rifampisini, iliyomo kwenye vidonge vya TB, inalifanya ini liiondoe methadoni upesi mno. Kampandishia dozi ya methadoni kidogo kidogo. Siku hizi analala.

Ningekuwa nimemfungia kwenye ile nyumba ya laki tatu, nani angejua habari ya rifampisini?

Ijumaa, 15 Machi

Mfungo umeanza wiki hii. Mdogo wangu alitaka kufunga, lakini dirisha la methadoni ni la mchana. Alikwenda mwenyewe kumuuliza imamu wa msikiti wetu. Kaambiwa mgonjwa ana ruhusa, anywe dawa, siku atakazokula atazilipa akipona au alishe masikini. Alirudi mwepesi. Nadhani alichokifuata hasa ni kuitwa mgonjwa na mtu anayeheshimika.

Jumatano, 27 Machi

Tangu Desemba nauli yetu ya daladala ni mia sita. Kwenda na kurudi elfu na mia mbili, kwa mwezi elfu thelathini na sita, ya mtu mmoja asiye na kazi. Tulipokuwa tunakwenda wawili ilikuwa mara mbili yake. Wenzake wawili aliokuwa akipanda nao gari wameacha methadoni, na si kwa kutamani unga. Walikosa nauli, wakakaa siku kadhaa, arosto ikawarudisha kijiweni, ambako hakuhitaji daladala.

Jumapili kuna mkutano wa mtaa. Ajenda ni taka na taa za barabarani. Kwenye mengineyo nitanyoosha mkono. Nitaomba mawili. Mosi, neno la msamaha wa matibabu libandikwe ofisi ya mtaa na kila zahanati, kwa herufi kubwa kama zile za bei. Pili, mwenyekiti na diwani wapeleke ombi manispaa: ARV zimefika vituo vya afya vya huku kwetu, na dirisha la methadoni nalo litusogelee.