Wanzuki wa Maji ya Masega

Kwetu, kusini mwa Sikonge, asali ilikuwa kazi ya wanaume mpaka ilipofika mlangoni. Ikivuka kizingiti, ilikuwa ya bibi. Babu na wajomba walipiga kambi porini majuma kadhaa, wakirina mizinga ya magome iliyotundikwa kwenye mitundu na mininga, kisha wakarudi na madebe kwenye baiskeli.

Bibi alikamua masega kwa mikono. Asali nzuri ilitengwa, iuzwe Tabora mjini. Masega yaliyobaki, yakiwa bado yananata, aliyaosha kwa maji ya vuguvugu, na maji hayo ndiyo yaliyogeuka wanzuki, pombe ya asali. Aliyaonja kwa ncha ya kidole: yakiwa mepesi, huongeza asali, yakiwa mazito, huongeza maji. Akatia kipande cha sega lenye chavua na watoto wa nyuki ili yachachuke, akafunika mtungi na kuusogeza karibu na mafiga. Kesho yake ukitega sikio unasikia unavuma. Masega yenyewe yalichemshwa, nta ikachujwa na kungoja mnunuzi. Hakikutupwa kitu.

Nta ilizoea safari ndefu. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, eneo la Tabora. Kwihara, walikokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, ni jirani tu na mji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya njia hiyo kichwani na mabegani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, nta nayo ikapanda behewa.

Kilichotubadilisha sisi kwanza ni tumbaku. Kila bani la kukaushia lilitaka kuni, na kuni zilikuwa miti ileile ya nyuki. Kambi ya wajomba ikazidi kusogea mbali. Halafu ikaja mizinga ya masanduku, na wanunuzi wanaotaka asali isiyo na moshi, maji wala watoto wa nyuki. Bei ikapanda. Sega likauzwa na asali yake, na bibi akakosa cha kuosha.

Vilabuni, wanzuki haukukoma. Ulipikwa kwa sukari na hamira, na majani ya chai ya kuupa rangi. Unalewesha vizuri tu, ila harufu ya maua ya porini haimo.

Siwezi kuilaumu bei. Ndiyo iliyolipa ada zetu, na ndiyo inayomfanya binamu yangu amfukuze mkata kuni aliyesogelea mizinga yake. Lakini mama mdogo, aliyerithi mtungi, hapiki tena bila oda. Mwenye harusi anampelekea fedha kwanza, anunue asali kwa bei ya mjini. Kinywaji kilichotokana na maji ya kuoshea masega, alichokunywa kila jirani aliyepita, sasa ni cha mwenye uwezo.